Kizimba cha Kuangulia Mayai ya Vunjajungu: Kinafaa Wapi, na Kinashindwa Wapi

Maneno yaliyosemwa mbele ya vikundi vya kujisaidia vya Rangwe

  Wengine mmetoka Kagan, wengine Kochia, wengine Gem Mashariki na Gem Magharibi, na kazi ya shamba mmeiacha nyumbani inawangoja. Kwa hivyo sitazunguka sana.

Niliombwa nieleze habari ya mdudu mmoja ambaye nyote mnamjua. Ni yule wa kijani, au wa rangi ya majani makavu, mwenye kichwa cha pembe tatu kinachogeuka huku na huku kama cha mtu, na mikono ya mbele ameikunja kama anayeomba. Kwa Kiswahili anaitwa vunjajungu. Wazee wa Pwani walikuwa wakisema ukimgusa, chombo utakachokishika baada yake utakivunja. Jina likatoka hapo. Leo sisi tutamgusa, na vyungu vyetu vitabaki vizima.

Vikundi vingi vinauliza hivi: pesa za dawa ya wadudu zinatumaliza. Kila tukichangiana, nyoluoro ikifika zamu ya mtu, nusu inaishia agrovet. Je, hatuwezi kufuga wadudu wanaokula wadudu wenzao? Mbona tusikusanye mayai ya vunjajungu, tuyaangulie wenyewe, tuwaachilie shambani?

Swali ni zuri, na jibu langu nalitoa mapema ili mtu asilale kabla hajalisikia. Kizimba kinafaa kwa kuokoa mayai ambayo panga na moto vingeyamaliza, na kwa kuisaidia bustani ya mboga. Hakiwezi kuokoa ekari ya mahindi. Kikundi kikichanganya mambo haya mawili kitapoteza msimu, na msimu ukipotea, watakaolala njaa ni watoto.

VUNJAJUNGU NI MWINDAJI WA AINA GANI

Vunjajungu hali majani. Ukimkuta juu ya sukuma wiki yenye matundu, usimlaumu yeye. Amekuja kumngoja yule anayetoboa. Hukaa kimya, akionekana kama jani au kijiti, na mdudu akipita karibu humkamata kwa mikono yake yenye miiba na kumla angali hai.

Akiwa mdogo hula vidukari, inzi wadogo na wadudu wengine laini. Akikua hula panzi, nondo, viwavi, mende na inzi wakubwa. Kwa mtu hana sumu. Ukimshika vibaya atakufinya kwa ile mikono, basi.

Lakini sikilizeni upande wa pili. Vunjajungu hachagui. Hajui kwamba huyu ni adui wa mkulima na huyu ni rafiki. Nyuki akitua kwenye ua, anakamatwa. Kipepeo, buibui, na wale wadudu wekundu wenye madoadoa wanaotusaidia kula vidukari, wote kwake ni chakula. Hata vunjajungu mwenzake akiwa mdogo kuliko yeye anamla. Kwa hivyo mwenye mizinga asiwaachilie karibu na mizinga yake.

KUFUGA WADUDU KWA KAZI SI JAMBO GENI KWETU

Pengine mtu anasema moyoni, haya ni mambo ya wazungu. Hapana. Yamefanyika hapa hapa ziwani. Watu wa Homa Bay na Kendu Bay hawahitaji kuelezwa gugu maji ni nini. Lilipofunga njia za mitumbwi, waliletwa fukusi wadogo ambao asili yao ni Amerika ya Kusini, huko huko gugu lilikotoka. Upande wa Kenya walianza kuachiliwa mwaka 1997. Kuzunguka ziwa, wavuvi na vikundi vya ufukoni walishiriki kuwafuga katika matangi ya maji, kisha wakawapeleka kwenye magugu. Miaka michache baadaye gugu lilipungua sana. Wako wanaosema kwamba mawimbi na mawingu ya mvua za El Niño za 1997 na 1998 yalichangia pia. Na baadaye gugu lilirudi tena. Kwa hivyo tunajifunza mawili: watu wa kawaida wanaweza kufuga wadudu, na kazi hiyo haifanywi mara moja ikaisha.

Tena hapo Mbita kuna kampasi ya icipe, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu kilichoanzishwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo. Siku hizi kampasi hiyo inaitwa kwa jina lake. Mwaka 1993 icipe iliachilia kule Pwani nyigu mdogo sana aliyetoka Pakistani, ambaye hutaga mayai yake ndani ya funza wa mabua ya mahindi. Mwaka 2002 ikaachilia hapa Kenya nyigu mwingine, aliyetoka Taiwan, anayeshambulia viwavi wa kabichi na sukuma wiki.

Lakini angalieni tofauti. Fukusi yule anakula gugu maji. Nyigu wale wanatafuta funza na viwavi wa aina fulani tu. Ndiyo maana wataalamu waliwachagua baada ya kuwachunguza miaka. Vunjajungu ni mlinzi wa jumla. Ni kama mbwa wa boma: atakufaa, lakini huwezi kumwambia amume huyu na amwache yule.

KUTAMBUA NA KUKUSANYA MAYAI

Mama vunjajungu hatagi yai moja moja. Hutoa povu, anataga mayai ndani yake, na povu hilo likikauka linakuwa kifuko kigumu kidogo, chepesi kama sponji. Rangi yake ni ya majani makavu au ya ganda la karanga. Kinakuwa kimegandishwa kwenye kijiti, kwenye shina la nyasi, kwenye ua, wakati mwingine hata kwenye ukuta au nguzo. Cha aina kubwa ni kama ncha ya kidole gumba cha mtu mzima. Cha aina ndogo ni chembamba na kirefu kidogo.

Msikichanganye na nyumba ya nyigu, ambayo ni ya udongo, wala na kifuko cha kiwavi kilichofumwa kwa nyuzi na vijiti. Cha vunjajungu hakina udongo wala hakina kitambaa. Ni povu kavu.

Sasa tuyachukue wapi? Hapa ndipo nataka tuelewane. Mayai yaliyo kwenye ua ambao hauguswi yaacheni pale pale. Yako nyumbani kwao. Tuchukue yale yaliyo hatarini. Mwezi wa Januari na Februari, kabla ya mvua ndefu, tunafyeka, tunapunguza ua na kuchoma takataka. Vifuko vingi vinaingia motoni hapo na hakuna anayeviona. Kabla ya kuwasha moto, watumeni watoto wapite kwenye ile miti iliyokatwa. Kila kifuko watakachookoa ni chetu.

Kateni kijiti chenyewe, mbakize kama upana wa mkono juu na chini ya kifuko. Msikibandue kwa kisu, kwa sababu kisu kikiingia kwenye povu, mayai yanapasuka. Wekeni alama ya uzi upande uliokuwa juu, ili mkifika nyumbani kikae kama kilivyokuwa mtini.

Kisha kiangalieni vizuri. Mkiona nyuzi nyembamba zenye vingozi vyeupe zinaning'inia katikati yake, makinda wamekwisha kutoka, kitupeni. Mkiona matundu madogo ya mviringo kama yaliyotobolewa kwa pini, hapo nyigu wadogo walitaga ndani, wakala mayai, wakatoka.

KUTENGENEZA KIZIMBA

Msiende kununua mbao. Vitu vinavyohitajika viko nyumbani:

1. Vijiti vinne vilivyonyooka, urefu wa sentimita 80. Hivi ni nguzo.

2. Vijiti vinane vya sentimita 30, vya kuunganisha nguzo juu na chini. Fremu ikisimama, sehemu ya chini ya sentimita 30 ibaki kuwa miguu, na sehemu ya juu ya sentimita 50 iwe chumba.

3. Kitambaa chepesi cha pazia, chenye matundu madogo sana, urefu wa mita moja na nusu. Kinatosha pande zote nne na juu.

4. Kipande cha karatasi ngumu au ubao wa sakafu. Tandikeni karatasi nyeupe juu yake ili mwone kilichoanguka.

5. Mkono wa shati kuukuu. Ushoneni kwenye upande mmoja wa kitambaa uwe mlango. Mtu anaingiza mkono, akimaliza anaufunga kwa kamba, na hakuna kinachotoroka.

6. Mikebe minne ya kuweka miguu ya kizimba.

Juu ya kitambaa nina onyo moja, na mlipokee kwa uzito. Msitumie neti ya kitandani iliyotiwa dawa, hata ile iliyotoboka. Dawa ile iko ndani ya nyuzi, inakaa miaka, na imewekwa kwa kuua mdudu. Mkifunga makinda humo, asubuhi mtafagia maiti. Na neti iliyo nzima isitoke kitandani hata kidogo. Sisi watu wa karibu na ziwa tunajua malaria inavyofanya.

Ile mikebe minne ijazeni maji yenye sabuni kidogo. Kazi yake ni kuzuia chungu na siafu. Hao ndio adui mkubwa wa kizimba. Wakipata njia usiku mmoja, watabeba kila kitu. Angalieni kusiwe na jani, kamba au tawi linalogusa kizimba kutoka nje, maana chungu atalitumia kama daraja. Kila siku mbili toeni takataka zilizoelea na kuongeza maji.

Wekeni kizimba kivulini, chini ya upenu au chini ya mti, mahali mvua haipigi na jua la saa sita halichomi. Kisikae jikoni kwenye moshi, wala kwenye chumba kinachopulizwa dawa ya mbu.

KUTUNZA HADI SIKU YA KUANGULIWA

Fungeni vile vijiti ndani vikiwa vimesimama au vinaning'inia, alama ya uzi ikiwa juu. Chini ya kila kifuko kuwe na nafasi isiyopungua sentimita 15. Mtaona sababu yake sasa hivi. Vifuko vinne au vitano kwa kizimba kimoja vinatosha.

Kila baada ya siku mbili au tatu, mtu achovye kichane cha majani kwenye maji safi na kurashia kitambaa kidogo. Si kulowesha. Mkilowesha, kifuko kitaota ukungu na mayai yataoza. Wakati wa mvua msirashe kabisa.

Kuna mambo tumeyasoma kwenye vitabu vya Ulaya na Marekani kwamba mayai haya lazima yapite majira ya baridi kwanza. Hayo ni ya wadudu wa huko. Wa kwetu hawangoji baridi. Kwa joto letu, mayai huanguliwa baada ya wiki kadhaa tangu kutagwa, na kwa kuwa hamjui yalitagwa lini, subirini hadi miezi miwili au zaidi kidogo kabla ya kukata tamaa.

Wachagueni watu wawili wa kuangalia kizimba kila asubuhi, kwa zamu. Wanafunzi wanapenda sana kazi hii, na wanaifanya kwa uaminifu kuliko sisi.

Siku ikifika, mara nyingi asubuhi, mtaona vitu kama viminyoo vinatoka kwenye mstari wa katikati wa kifuko, vinashuka kwa nyuzi nyembamba na kuning'inia pamoja kama shada. Msiguse. Pale pale wanajivua ngozi ya kwanza, miguu inafunguka, na wanakuwa vunjajungu wadogo, weupe na laini. Ndiyo sababu ya ile nafasi ya sentimita 15. Wakikosa mahali pa kuning'inia, wanapinda miguu na kufa.

Baada ya saa chache wanakauka na kupata nguvu. Sasa kazi inakuwa ya haraka. Msiwaweke. Kifuko kikubwa kinaweza kutoa makinda 100 na zaidi, wote wana njaa, na chakula kilicho karibu ni ndugu yao. Mkingoja siku tatu, mtahesabu wachache walioshiba. Waachilieni jioni ile ile, jua likipoa, au kesho yake asubuhi na mapema.

Bebeni kizimba hadi bustanini. Wawekeni wawili watatu kwa kila mmea, mkipiga hatua kati ya mahali na mahali. Chagueni mimea yenye vidukari wachache, wapate kula. Lakini mkikuta mmea ambao chungu wanapanda na kushuka, urukeni. Chungu wanawalinda vidukari kwa sababu ya utamu wanaoutoa, na watawaua makinda.

HESABU YA KWELI

Sasa tufanye hesabu pamoja, maana kikundi bila hesabu ni mkutano tu.

Tuseme kikundi kina watu 20, na kila mmoja anaokoa vifuko viwili. Hivyo ni vifuko 40. Tuseme nusu vimekwisha kuanguliwa, au vimeliwa na nyigu, au vimeoza. Vinabaki 20. Kila kimoja kikitoa makinda 100, mna 2,000. Inasikika nyingi, sivyo?

Haya, pimeni na shamba. Ekari moja ya mahindi yaliyopandwa kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 25 ina mashina zaidi ya 21,000. Makinda wenu wote mkiwamwaga kwenye ekari hiyo moja, ni kinda mmoja kwa mashina kumi. Na hao ni wa siku ya kwanza. Wengi wataliwa na chungu, mijusi, ndege na wao kwa wao kabla hawajakua. Hata kama wangekua wote, vunjajungu hawezi kuingia ndani ya bua kumtoa funza.

Lakini chukueni bustani ya sukuma wiki ya hatua kumi kwa kumi nyuma ya nyumba. Kila mwanakikundi akipata makinda 100 kwa bustani kama hiyo, na wakabaki wachache tu hadi utu uzima, huyo mama ana walinzi. Hawatamaliza wadudu wote. Watawapunguza, pamoja na nyigu, buibui na wadudu wengine waliopo tayari.

Hao wengine ndio nataka msiwasahau. Ukipiga dawa ya kuua kila kitu Jumatatu na kuachilia vunjajungu Jumatano, umetupa kazi ya miezi miwili. Na ukipiga dawa kila wiki, unawaua askari wako wote, halafu adui anazaliana haraka kuliko wao. Kwa hivyo kabla ya kujenga kizimba, kikundi kikubaliane kwanza juu ya dawa. Bustani itakayopokea makinda isipigwe. Kama mdudu amezidi na lazima dawa itumike, mwulizeni afisa wa kilimo ni ipi isiyodhuru wengine, na msivune mboga kabla ya siku zilizoandikwa kwenye chupa kuisha. Mboga hiyo tunawapa watoto.

NA MAHINDI, BASI?

Najua mwenye ekari ya mahindi ameanza kunung'unika. Viwavijeshi vamizi walioonekana Kenya mwaka 2017 hawajaondoka. Funza wa mabua wako. Kayongo anatunyonya kutoka chini. Mtu huyu tumwambie nini?

Tumwambie kuhusu Sukuma-Vuta, njia iliyofanyiwa kazi hapo Mbita na icipe pamoja na watafiti wa Kenya na Uingereza, tangu miaka ya 1990. Katikati ya mistari ya mahindi au mtama unapanda desmodiamu. Harufu yake inawafukuza nondo, na mizizi yake inaifanya mbegu ya kayongo iote bure na kufa. Kuzunguka shamba unapanda nepia au nyasi ya brakiaria, inayowavuta nondo watage huko. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliofanywa Kenya, Uganda na Tanzania, ulionyesha viwavijeshi vamizi walipungua kwa zaidi ya asilimia 80 kwa kila mmea, ukilinganisha na mahindi yaliyopandwa peke yake. Tena nepia na desmodiamu ni chakula cha ng'ombe.

Mnaona basi? Kwa mahindi kuna dawa yake, na inahitaji saga ya kikundi wakati wa kupanda. Kizimba cha vunjajungu ni cha bustani. Kila chombo na kazi yake.

MASWALI NINAYOYASIKIA MARA KWA MARA

Je, tukitoa nyigu badala ya makinda, tuwaue? Hapana. Wanaotoka kwenye mayai ya vunjajungu ni wadogo, wana rangi ya kijani inayong'aa, paja la nyuma limevimba, na jike ana mkia mrefu wa kutagia. Wanakula mayai ya vunjajungu, ni kweli, lakini nao wana mahali pao. Fungueni mlango waende. Andikeni tu kwamba kifuko kile kilitoa nyigu.

Je, tunaweza kuwafuga hadi wawe wakubwa? Mtu mmoja mmoja anaweza, kwa kumweka kila mmoja kwenye chombo chake, chenye urefu unaozidi mara tatu urefu wa mdudu, ili apate nafasi ya kujivua ngozi akining'inia. Atahitaji mdudu hai wa kula na tone la maji. Hiyo ni kazi nzuri kwa darasa la shule. Kwa kikundi chenye mashamba ni kupoteza muda.

Je, tunaweza kununua mayai? Marekani watu huuziwa mayai ya vunjajungu kwa ajili ya bustani. Wengi wao ni wa aina ya China, walioonekana huko Philadelphia tangu mwaka 1896, nao wanakula vipepeo na nyuki vile vile, hata ndege wadogo. Sisi tunao wa kwetu bure. Mtu akija na mkoba kutaka kuwauzia mayai ya kutoka ng'ambo, mwambieni akaonyeshe kibali chake kwa KEPHIS. Mdudu mgeni akitoroka hakuna wa kumrudisha.

KAZI YA KWENDA KUFANYA

Ndugu zangu, msikubali maneno yangu kwa sababu nimesimama mbele. Yajaribuni. Kila kikundi kiwe na daftari moja na kiandike haya: tarehe kifuko kilipookotwa, mti kilipokuwa, tarehe kilipoanguliwa, kilichotoka na idadi yake, na bustani walikopelekwa.

Kisha chagueni bustani mbili zinazofanana, zote bila dawa. Moja ipate makinda, nyingine isipate. Kila wiki, siku ile ile, hesabuni wadudu kwenye mimea kumi ya kila bustani, mkigeuza majani na kuangalia chini. Andikeni hata kama matokeo hayawapendezi. Baada ya misimu miwili, kikundi chenu kitajua jambo kuhusu Rangwe ambalo halimo kwenye kitabu chochote, na mtaamua wenyewe kama kizimba kinastahili jasho lenu.

Na hata mkiamua hakistahili, zile asubuhi za kugeuza majani zitakuwa zimewafundisha kumjua adui na rafiki. Mkulima anayejua nani anakaa kwenye shamba lake hakimbilii agrovet kila akiona kitu kinatambaa. Zile pesa zinabaki kwenye nyoluoro, zinalipa karo.

Tukianza na Januari hii tunapofyeka, vikundi vyote vilivyo hapa vinaweza kuwa na kizimba kimoja kimoja kabla ya mvua. Mwenyekiti, naomba tukubaliane leo nani ataanza, na ni lini wengine wataenda kuona.